Dola ya kubuni ya Maharaja, India 1919–1939: tupeane uzoefu wa mezani

Mzee wa Dadu

Wakuu, salaam. Uzi wa meza ya Tanga 1914, ule mchezo wa vita wa vinyago kuhusu shambulio la Waingereza Tanga, umenikumbusha jambo. Wengi humu mna vinyago vya vikosi vya Kihindi, Kashmir Rifles na Gwalior Infantry, waliolala kwenye boksi tangu meza ile ikunjwe. Msiwauze. Hao walikuwa askari wa Maharaja, watawala wa dola za Kihindi zilizokuwa chini ya Uingereza, kabla ya kuletwa Tanga, na kwao kuna vita vidogo vidogo vya kutosha miaka yote kati ya vita vikuu viwili.

Dola yetu inaitwa Lunagarh. Tumeipachika kati ya rasi ya Kathiawar na jangwa la chumvi la Rann ya Kachchh. Kathiawar ilikuwa na dola ndogo zaidi ya mia mbili, hivyo kuongeza moja ya kubuni hakuharibu ramani ya mtu. Naomba kila mmoja aweke kinachoharibika mezani, sababu yake na dawa yake. Naanza na jeshi, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Baada ya vita vya kwanza, vikosi vya Imperial Service Troops, yaani askari wa dola waliotengwa kuisaidia Uingereza, vilipangwa upya vikaitwa Indian State Forces, kwa madaraja matatu. Daraja A walipangwa na kupewa silaha kama Indian Army, jeshi la Waingereza huko India. Daraja B walifunzwa vizuri ila mpangilio wao ulibaki wa zamani. Daraja C walikuwa mgambo, hawakukaa kambini mwaka mzima. Kosa linalorudiwa sana ni kununua jeshi zima la Daraja A. Mchezo unakufa zamu ya tatu kwa sababu kila mtu anapiga shabaha sawa na hakuna anayekimbia.

Kwa meza ya futi 6 kwa 4 na vinyago vya milimita 28, mgao unaokaa vizuri ni huu: askari wa miguu wa Daraja A wanane wenye bunduki moja ya Lewis (rashasha nyepesi), Daraja B kumi na sita wasio na Lewis, Daraja C ishirini wenye Martini-Henry (bunduki za zamani za risasi moja moja), wapanda farasi wa mikuki wanane, walinzi wa ikulu sita waliovaa nyekundu, na mzinga mmoja wa zamani wenye wahudumu wanne. Daraja A wakose shabaha kwa 1 hadi 3 kwenye dadu, B kwa 1 hadi 4, C kwa 1 hadi 5.

Sajini Mstaafu

Nakazia. Ukiwaondoa Daraja C, unacheza Waziristan tu (vita vya Waingereza mpakani na Afghanistan) na umebadilisha jina.

Kilemba Chekundu

Upande wa rangi. Kaki ya India iliyofuliwa mara nyingi hupauka, kwa hiyo msitumie ile ya kahawia ya vita vya Ulaya. Anza na rangi ya kampuni ya Vallejo, Khaki namba 988, pitisha rangi ya majimaji ya kahawia, ikikauka nyanyua mikunjo kwa mchanganyiko wa 988 na Iraqi Sand 819: sehemu mbili kwa moja, kisha moja kwa moja. Vilemba vipakwe mwisho kabisa, maana mkono unapovigusa ukishika kinyago, rangi yake ndiyo hutoka kwanza.

Mikuki iliyosubiwa pamoja na kinyago hupinda siku ya kwanza. Kata, toboa ngumi kwa kekee ya milimita 1, weka waya wa chuma. Mkuki wa kweli ulikuwa mwanzi wa futi 9 hivi. Kwa kipimo cha 1/56, ndicho cha vinyago vya milimita 28, hiyo ni milimita 49. Ukizidi 55, wapanda farasi wawili hawataweza kusimama bega kwa bega bila kukwaruzana. Bendera yake ni nyekundu juu, nyeupe chini; kata karatasi nyembamba, kunja kwenye waya, lowesha kwa gundi nyeupe na uipinde kabla haijakauka ionekane inapepea.

Kwa walio Dar, Mombasa na Unguja: vanishi ya kupuliza isiyong'aa hugeuka ukungu mweupe hewa ikiwa na unyevu. Msipulize jioni wala mvua ikikaribia. Ikishatokea, pitisha vanishi inayong'aa kwa brashi, mara nyingi ukungu huondoka, halafu rudia isiyong'aa kwa brashi pia.

Bint Kombo

Mie naongezea jangwa la chumvi, maana nimeona picha za watu wamemwaga chumvi ya jikoni juu ya meza. Jamani! Chumvi hufyonza maji ya hewani. Wiki mbili tu Unguja inageuka uji, na vitako vya chuma vinaota kutu. Tumieni unga wa plasta iliyokufa (isiyoganda tena) au vumbi la marumaru kutoka kwa mafundi wa sakafu, lichekechwe. Paka ubao rangi ya mchanga, juu yake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nyunyiza vumbi kwa chujio la chai. Ikianza kukauka, kwaruza mistari ya nyufa kwa ncha ya sindano.

Na msisahau bahari. Kotia za Kachchh, yale majahazi makubwa ya Kihindi, hatuhitaji kuelezwa sie wa Unguja, zilikuwa zikitia nanga hapa hapa kutoka bandari ya Mandvi. Kisa kizuri ni bunduki za magendo zinazoshushwa usiku. Biashara ya bunduki kutoka Maskati kwenda pwani ya Makran ilivuma sana kabla ya vita vya kwanza, na Gwadar, bandari ya pwani hiyo, ilikuwa mali ya Oman hadi 1958, kwa hiyo nahodha mzee wa mwaka 1922 anayeijua njia hiyo anaaminika kabisa. Weka makasha sita, matatu yana bunduki na matatu yana tende. Kulifungua kasha ni zamu nzima. Maji yakupwe inchi 2 kila zamu kuanzia zamu ya nne. Kotia ikikutwa kwenye tope, haiondoki.

Mtaalamu wa Magurudumu

Mbona hakuna aliyetaja deraya, yaani gari la kivita lenye bamba za chuma? Crossley ya muundo wa India, ya miaka ya 1923 hadi 1925, ndiyo gari zuri kuliko yote ya kipindi hicho: kuba la mviringo, matundu manne ya rashasha za Vickers huku zenyewe zikiwa mbili tu. Kuba hilo utalipata kwenye ule mpira wa rolioni ya kwapa, wenye milimita 27 hivi. Angalizo: plastiki yake ni laini, haishiki gundi wala rangi. Isugue kwa msasa wa 400, ikate nusu, ipigilie pini mbili, kisha praima ya plastiki.

Msoma Ramani

Mkuu, Crossley zilikuwa za Waingereza. Maharaja hakupewa hizo. Hata mizinga yao kwa jumla ilikuwa ya zamani, na dola zilizokuwa na betri za milimani kama Kashmir zilikuwa chache. Serikali ya India ilichagua silaha za kuwapa, na uasi wa 1857 wa askari Wahindi dhidi ya Waingereza haukuwa umesahaulika. Ukimpa Maharaja deraya umeua sababu ya mchezo.

Mtaalamu wa Magurudumu

Dola yenyewe ni ya kubuni, mkuu. Maharaja wana Rolls-Royce gereji nzima, mmoja wao ameamua kuizungushia bamba za chuma. Shida iko wapi?

Msoma Ramani

Shida ni uzito. Bamba za chuma juu ya gari la kifahari zinavunja springi na kuzamisha matairi ya upepo mchangani. Ukilileta, lilipe gharama: nje ya barabara rusha dadu kila inchi 6, likitoka 1 au 2 limenasa hadi watu sita walisukume zamu nzima. Na risasi ikipata 6 kutoka pembeni, tairi limekwisha.

Mtaalamu wa Magurudumu

Hilo nalikubali. Basi lisitoke barabarani.

Fundi Ngome

Wakuu, acheni magari. Janga la mchezo huu ni tembo, nalo hutokea karibu kila anapowekwa kwenye msafara wa durbar, ile hafla rasmi ya mtawala.

Kisa kinajulikana: Maharaja anapita barabara ya mji juu ya tembo, muuaji yuko dirishani. Asili yake ni ya kweli, Desemba 1912 Delhi, bomu lilimjeruhi Makamu wa Mfalme Hardinge juu ya tembo wake na kumuua mtumishi aliyeshika mwavuli. Mezani watu hupanga hivi: wapanda farasi mbele, tembo katikati, gari la Rezidenti (mwakilishi wa Uingereza kwenye dola) nyuma, kisha Daraja C. Barabara ina upana wa inchi 6, kuta pande zote mbili. Risasi ya kwanza inamkosa Maharaja, inampata tembo. Kanuni inasema arushe dadu: 1–2 mbele, 3–4 nyuma, 5–6 pembeni, akimbie dadu mbili za inchi. Inatoka 5. Pembeni kuna ukuta, kwa hiyo anageuka nyuma. Gari la Rezidenti liko inchi 4 tu, linakanyagwa. Daraja C wanapimwa moyo, wanavunjika, wanakimbilia lango la ngome na kuliziba. Zamu ya pili tembo anarudi mbele na kuwapitia wapanda farasi waliokuwa wanageuka kumwokoa bwana wao. Zamu mbili, nusu ya jeshi la Lunagarh liko pembeni mwa meza, na muuaji hajashuka hata ngazi.

Sababu ni tatu. Nafasi: tembo anahitaji inchi 12 tupu mbele na nyuma, hivyo msafara uwe mrefu na meza ichezwe kwa urefu wake. Njia: mji uwe na vichochoro viwili vya inchi 4 kila upande, la sivyo kile 5–6 ni uongo. Mwendeshaji wa tembo: akiwa hai apewe dadu kila zamu, 4 kwenda juu amtulize; akifa, hakuna wa kumtuliza isipokuwa watumishi wawili wenye mikuki wakimgusa pamoja.

Na lango! Tembo wa India ana mita 2.75 begani, yaani milimita 49, ongeza kiti cha enzi na mtu na mwavuli. Lango lenye kimo chini ya milimita 100 halimpitishi. Jenga kwa fomubodi (stairofomu kati ya karatasi mbili) ya milimita 5, na kabla ya kupuliza rangi yoyote pitisha gundi nyeupe mara mbili mpaka kingo za ndani, maana rangi ya kopo hula stairofomu. Supagluu pia huila.

Nyota ya Pemba

Tembo tunaopata madukani ni wa kwetu, wa Afrika. Punguza masikio theluthi moja kwa kisu cha moto, ongeza vibonge viwili vya pati juu ya paji la uso. Mgongo usihangaike nao, nguo na kiti vitaufunika.

Sajini Mstaafu

Dawa rahisi: tembo abaki ikulu.

Fundi Ngome

Akibaki ikulu, Maharaja ana tofauti gani na mkuu wa wilaya?

Mwanafunzi wa Alwar

Nina jambo zito kidogo. Naona watu wanaandaa kisa cha wakulima wanaogoma kulipa kodi, jeshi la dola linatumwa kuwatawanya. Hilo lilitokea. Neemuchana, dola ya Alwar, Mei 1925, wakulima walipigwa risasi. Mwaka 1932 na 1933 Wameo, jamii ya wakulima Waislamu wa Alwar, waliinuka tena, na Waingereza wakamwondoa Maharaja. Msiwaweke kama shabaha.

Mzee wa Dadu

Kwetu umati hauondolewi mezani. Anayeufyatulia risasi anapoteza mchezo hapo hapo, barua ya Rezidenti inafika.

Mwanafunzi wa Alwar

Mzee wangu, kwa heshima, hapo wakulima wamegeuka faini ya Maharaja. Wapeni mchezaji wao. Lengo lao: kuchoma daftari za kodi, kumtoa mzee wao gerezani, kufika stesheni na malalamiko. Mkutano wa kijiji uamue zamu zao, kura kwa dadu.

Msoma Ramani

Naunga mkono, ila mchezaji huyo asijue idadi ya askari. Na Rezidenti abaki. Bila yeye hakuna kinachowazuia majirani wawili kupigana vita kamili, jambo ambalo mikataba yao na Uingereza ilikataza.

Mzee wa Dadu

Nitalijaribu hilo la mchezaji. Kuhusu ushindi, hesabuni mizinga ya salamu, ile iliyopigwa kumheshimu mtawala kwa cheo chake. Ilikwenda kwa namba witiri, 9 hadi 21, na dola tano tu ndizo zilizofika 21: Hyderabad, Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir. Lunagarh ianze na 11, ambako ndiko mtawala alianza kuitwa Mtukufu. Kampeni ikiisha vizuri panda mbili, vibaya shuka mbili. Kushuka 9 kunauma kuliko kupoteza ngome, na wachezaji huanza wenyewe kuficha maiti zisionwe na Rezidenti.

Jirani wa Stesheni

Mmetaja stesheni. Reli nyingi za Kathiawar zilikuwa za upana wa mita moja, sawa na ya Uganda na ya Tanga. Kwa 1/56 hiyo ni milimita 17.9, kwa hiyo reli za HO (treni za mfano za 1/87) za milimita 16.5 zinatosha kwa macho. Kinachosaliti ni mataruma, yamebanana mno: kata moja katika kila mawili, funika mapengo kwa changarawe iliyochekechwa. Wanaocheza 1/72 watumie za milimita 12. Behewa lijengwe upana wa milimita 45, lisizidi, na reli hiyo hiyo itarudi kwenye meza ya Tanga bila kubadilisha kitu zaidi ya rangi ya udongo.

Bint Kombo

Vichwa vya treni umepata wapi?