Naomba ushauri: jozi za oksidi ya nitriki ndani ya arigoni iliyogandishwa
Wataalamu, naomba ushauri wenu. Ninagandisha oksidi ya nitriki (NO) ndani ya arigoni, juu ya kidirisha cha iodidi ya sesiamu (chumvi inayopitisha infraredi) kilichopozwa hadi kelvini 10, kisha ninapima ufyonzaji wa mionzi ya infraredi. Mstari wa ufyonzaji wa molekuli pweke, karibu na mawimbi 1872 kwa sentimita, ni dhaifu, ilhali mistari ya jozi (molekuli mbili za NO zilizoshikana), karibu na 1866 na 1776, ni mikali mno, na huo wa 1866 unakaribia kuumeza ule wa molekuli pweke ninaoutafuta. Nikipasha tabaka hadi kelvini 30 jozi huongezeka, jambo linalothibitisha utambuzi wangu lakini halinisaidii. Nitrojeni-15, yaani isotopu nzito ya nitrojeni, nimeifikiria, ila ingeisogeza mistari yote kwa pamoja. Je, niongeze kwanza arigoni, au nipunguze kasi ya kuingiza gesi?