Insulini bila friji, sukari inayumba: tatizo ni dawa au dozi?

KisamvuChaNazi:
Wakuu, habari za saa hizi. Bi mkubwa ana miaka 61, yuko kijijini Handeni, anatumia insulini ya mchanganyiko (30/70, yaani asilimia 30 ya haraka na 70 ya polepole), yuniti 20 asubuhi na 12 jioni. Umeme hakuna, chupa inakaa kabatini chini ya bati. Sukari haieleweki: leo asubuhi 14 mmol/L, kesho 3.6, na chakula ni kilekile. Nyayo nazo zinawaka moto usiku na zimeanza ganzi. Je, joto limeharibu dawa, au dozi ndiyo mbaya? Na mtungi unafaa kuhifadhia?

DawaBaridi:
Joto ni mshukiwa, ila si peke yake. Insulini iliyopigwa na joto inapungua nguvu, kwa hiyo sukari inapanda na kubaki juu. Haielezi hiyo 3.6, ambayo ni ya chini mno.

Mtungi unafaa. Chupa iliyofunguliwa inahimili kama wiki 4 ikikaa chini ya nyuzi 30. Ambayo haijafunguliwa inataka 2 hadi 8, basi omba zahanati yenye friji wamtunzie, achukue moja moja. Tafuta vyungu viwili visivyopakwa rangi, kimoja kikae ndani ya kingine, jaza mchanga katikati, mwagilia asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Chupa iwe ndani ya kopo lenye kifuniko isilowe. Kinachopoza ni maji yanayokauka, hivyo masika, hewa ikijaa unyevu, chungu hakipoi sana. Barafu asiiguse kabisa: insulini ikiganda hata mara moja ni ya kutupa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

SistaWaKliniki:
Sukari ikiyumba hivyo, mimi naanza na uchomaji kabla ya kulaumu dozi. Hiyo 30/70 ina dawa iliyotuama chini. Aiviringishe viganjani mara 10, aipindue juu chini mara 10, hadi iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. Asipofanya hivyo, leo anavuta maji ya juu yenye dawa pungufu, kesho anavuta dawa nzito. Ikibaki na chembe au mabonge, tupa. Achome nusu saa kabla ya kula, si baada.

Kisha mpapase tumbo na mapaja. Ukikuta nyama ngumu iliyovimba, hapo ndipo anapochoma kila siku kwa kuwa hapaumi, na dawa inaingia mwilini kwa kubahatisha. Ahame, kila sindano iachane na ya jana upana wa kidole. Lakini angalizo: akihamia nyama nzuri, dozi ileile inaweza kumshusha sukari mno. Pigeni simu kliniki kwanza, waseme kama ipunguzwe, na apime mara nyingi zaidi siku hizo.

KisamvuChaNazi:
Asante sista. Bomba la sindano analotumia limeandikwa 40. Ni sawa?

SistaWaKliniki:
Soma chupa sasa hivi! Kama imeandikwa 100 IU/ml (yuniti 100 kwa mililita), bomba la 40 linamzidishia mara mbili na nusu: akivuta hadi alama ya 20 anapata yuniti 50. Bomba lilingane na chupa. Asilitumie tena, na dozi ya leo jioni muulizane na kliniki kabla hajachoma.

Sukari ikiwa chini ya 4, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (si ya diet). Baada ya dakika 15 pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.

NyayoSalama:
Kwenye miguu: ganzi maana yake haisikii moto wala msumari. Asiote moto jikoni, asikande kwa maji ya moto. Maji ya kuoga apimiwe kwa kiwiko na mtu mwingine. Kila jioni mtu aangalie nyayo na katikati ya vidole, akaushe hapo vizuri, apake mafuta kwenye ngozi lakini si kati ya vidole. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Halafu panya: wanatafuna vidole vyenye ganzi usiku na mtu asishtuke, kwa hiyo chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kidonda chochote, hata kisichouma, kionwe kliniki siku hiyohiyo. Akifika huko aombe pia kupimwa macho na protini kwenye mkojo. Hivyo ni vya kila mwaka.