Uliwahi kufanya fildi makumbusho madogo ya historia ya viwanda? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni kwa ajili ya wanafunzi wanaotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wengi hukimbilia makumbusho makubwa, wakikosa huko wanakata tamaa. Mimi nilipokelewa na makumbusho madogo ya historia ya viwanda yenye wafanyakazi watatu tu, na zile wiki nane nazithamini mpaka leo. Aliyepita njia hiyo aweke yake hapa, zuri na baya, wadogo zetu wajue wanaingia wapi.

Naanza na yangu. Nilikuwa nasoma historia. Siku ya kwanza mhifadhi alinipeleka stoo, akanionyesha rafu moja ya spana, kalipa na makopo ya oili, akasema, "Hii ni yako mpaka utakapoondoka." Vitu kumi na moja havikuwa na namba. Nikaelewa kwa nini hilo lilimuuma: spana isiyo na namba wala karatasi imebaki chuma tu, hujui ilitoka karakana gani wala ilikuwa inafungua nini. Akanifundisha kuandika namba. Unasafisha sehemu isiyoonekana sana, unapaka tabaka jembamba la Paraloid B-72 (aina ya vanishi angavu), unasubiri likauke, unaandika kwa wino na kalamu ya ncha nyembamba, kisha unapaka tabaka jingine juu. Namba kama 2019.4.12 ni kitu cha 12 katika kundi la 4 lililopokelewa mwaka 2019. Ikibidi kuifuta, asetoni inaitoa, chuma kinabaki kilivyokuwa.

Haya, wadau, karibuni.

MkerezaVyuma: Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa wa uhandisi mitambo. Nilikuta injini ndogo ya mvuke imeshika kutu, nikachukua brashi ya waya niing'arishe. Mzee mmoja, fundi mstaafu aliyekuwa akijitolea pale, akanishika mkono. Akanionyesha mpini wa vali: upande mmoja ulikuwa umelika ukawa laini kabisa, pale kiganja kiliposhika miaka nenda miaka rudi, na pembeni imebaki rangi ya kijani ya mwanzo. "Kijana, ukisugua hapa umemfuta mtu." Sijasahau. Tuliisafisha kwa vitambaa laini na mafuta mepesi, tukamalizia na nta, wiki mbili nzima.

Baada ya hapo nikapewa kazi ya kuwaeleza watoto wa shule injini za namna hiyo zilikotoka. Nilianza na ile ya mvumbuzi Mwingereza Thomas Newcomen ya mwaka 1712. Silinda inajazwa mvuke, maji baridi yanarushwa ndani, mvuke unarudi kuwa maji, ndani panabaki patupu, na kani ya hewa ya nje inaisukuma pistoni chini. Watoto walinitazama tu. Kesho yake nikachemsha maji kidogo ndani ya kopo jembamba la soda, nikalishika kwa koleo na kulipindua ghafla ndani ya beseni la maji baridi. Likabonyea kwa kishindo. Kuanzia hapo walinifuata wenyewe. Walielewa hata hasara yake: silinda ileile inapashwa moto na kupozwa kila mzunguko, makaa yanateketea bure. James Watt alipotenga chumba cha kupozea mvuke, akapata hataza yake (haki ya mvumbuzi) mwaka 1769, silinda ikabaki ya moto muda wote. Mhadhara wa thamodinamiki (elimu ya joto na nishati) niliokuwa nimeukariri, nikauelewa siku ile.

UziNaMfumo: Mimi niliomba kurekodi kumbukumbu za waliofanya kazi kiwandani. Naomba mzingatie, kabla ya kuwasha kinasa sauti mwenye kusimulia anasaini ridhaa, naye ana haki ya kusema kipande hiki kisitolewe. Bibi mmoja aliyefuma miaka mingi alikuwa akinitazama midomo badala ya macho. Mitambo ya kufuma ilikuwa imemharibu masikio tangu ujana, akajifunza kusoma midomo. Nikamletea kile kibao kilichochongoka kinachobeba uzi, akakipeleka mdomoni bila kufikiri na kuvuta pumzi, ndivyo walivyokuwa wakipitisha uzi kwenye tundu. Kibao kimoja kilipita midomo ya watu wengi, na magonjwa yakapita nacho. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1911. Kwenye kabati la maonyesho kile kibao kilikuwa kimeandikiwa jina na kipimo tu. Niliomba maelezo yaandikwe upya, wakakubali.

Mpitaji_22: Mimi sikubahatika. Wiki sita nilipanga viti, nilifagia, nilikaa mlangoni kukata tiketi. Hakuna aliyenisimamia, na chuo kilipotaka ripoti sikuwa na cha kuandika. Iliniuma sana. Makumbusho madogo yana shughuli nyingi na watu wachache, mwanafunzi asiye na kazi maalumu anageuzwa mkono wa ziada. Dai karatasi kabla hujaanza: nani msimamizi wako, utafanya nini, utaacha nini kimekamilika, nauli inakuwaje.

Mwanzisha uzi: Pole sana Mpitaji. Hilo ndilo nililotaka lisemwe.

Hasi_za_Zamani: Nyongeza ya usalama, someni vizuri. Ukifungua boksi la filamu ukasikia harufu kali ya siki, hiyo ni filamu ya asetati inaoza, itenge na nyingine. Ukikuta ya nitrati, ambayo ilitumika mpaka miaka ya 1950 mwanzoni, usiiguse, mwite msimamizi, inawaka moto vibaya mno. Na ule mfuniko mweupe wenye nyuzinyuzi kwenye boila za zamani unaweza kuwa asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Usiukwaruze hata kwa kucha.

Kompyuta_Tu: Samahanini wakuu, mimi nasoma kompyuta. Nafasi ninaweza kupata? Na wanatangaza wapi?

Mwanzisha uzi: Unaweza kabisa. Wengi hawatangazi, wanaandikiwa. Nenda kwanza kama mgeni, kaa saa mbili, angalia kinachokosekana. Halafu andika barua ya ukurasa mmoja yenye jambo moja unaloweza kulimaliza ndani ya muda wako. Kwa mfano, daftari lao la kusajili vitu vilivyopokelewa limeandikwa kwa mkono, wewe unaliingiza kwenye kompyuta, miaka kumi ya kwanza tu. Liandike lilivyo, hata tahajia iliyokosewa, sahihisho liweke safu ya pembeni. Kule nilikokuwa, mashine iliyodhaniwa imepotea ilipatikana hivyo: jina lilikuwa limekosewa herufi moja, nayo ilikuwa stoo ileile, nyuma ya rafu yangu.