Mjadala: Je, utengenezaji wa plastiki uwekewe kikomo ili viumbe wa baharini wanusurike?

Mazungumzo ya mkataba wa kimataifa wa kudhibiti plastiki, yaliyotokana na azimio la Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira lililopitishwa Nairobi mwezi Machi 2022, yaliahirishwa Geneva mwezi Agosti 2025 bila makubaliano, kama yalivyokuwa yamekwama Busan mwishoni mwa 2024. Kikwazo kikubwa ni swali ambalo naomba tulijadili: je, mkataba uweke kikomo cha kiasi cha plastiki kinachotengenezwa duniani, kama zilivyotaka nchi zaidi ya 100, au uishie kwenye ukusanyaji na usimamizi wa taka, kama zinavyoshikilia nchi kadhaa zinazochimba mafuta na gesi, ambayo ndiyo malighafi kuu ya plastiki?

Mimi naunga mkono kikomo, na sababu zangu zinaanzia kwenye miili ya viumbe wenyewe.

Watafiti wa Australia waliochunguza kumbukumbu za kasa waliokufa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walikadiria kwamba kasa aliyemeza kipande kimoja tu cha plastiki ana uwezekano wa asilimia 22 wa kuuawa na kipande hicho, na akifikisha vipande 14 uwezekano huo hupanda hadi asilimia 50. Mara nyingi tunaambiwa kwamba kasa huudhania mfuko unaoelea kuwa ni yavuyavu, na hilo ni kweli, lakini haliishii kwenye macho. Plastiki iliyokaa baharini huota mwani, na mwani huo hutoa gesi yenye salfa, ileile inayotoka pale planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, inapoliwa, ambayo kwa ndege wengi wa baharini ni ishara kwamba chakula kipo. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ndege wanaotafuta chakula kwa kufuata harufu hiyo humeza plastiki mara nyingi zaidi kuliko wasioifuata. Kwa hiyo tusiseme kwamba mnyama amekosea, kwa maana anafanya kilekile kilichowalisha wazazi wake tangu zamani, ila sisi ndio tuliokiweka kifo mahali pa chakula. Nyangumi aliyekufa Ufilipino mwezi Machi 2019 alikutwa na kilo 40 za plastiki tumboni.

Matumbawe nayo, ambayo hayamezi mifuko, hayakusalimika. Uchunguzi wa miamba 159 katika eneo la Asia na Pasifiki, uliochapishwa mwaka 2018, ulibaini kwamba uwezekano wa matumbawe kuugua hupanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 89 pale yanapogusana na plastiki.

Hoja ya wenzetu wa upande wa pili, nikiieleza kwa haki, ni kwamba plastiki yenyewe si adui: inahifadhi chakula, inatumika hospitalini, ni nyepesi kusafirisha, na inayofika baharini ni ile tu iliyokosa mtu wa kuizoa. Zoa taka vizuri, wanasema, na bahari itapona. Sehemu ya hoja hii naikubali bila kinyongo, kwa sababu sirinji na mifuko ya damu hazina mbadala wa haraka, na hakuna mtu mwenye busara anayetaka kuziondoa. Tatizo langu liko kwenye hesabu. Kati ya mwaka 1950 na 2015 dunia ilitengeneza takriban tani bilioni 8.3 za plastiki. Tani bilioni 6.3 zilikuwa zimeshageuka taka, na ni asilimia 9 tu ya taka hizo iliyorejelezwa. Kiwango hicho ni cha miongo sita, si cha mwaka mmoja mbaya. Anayesema kwamba urejelezaji utawahi kasi ya viwanda anapaswa kutuonyesha ni wapi duniani umewahi.

Ilidaiwa pia, kwa kutegemea makadirio ya mwaka 2017, kwamba mito 10 hubeba karibu plastiki yote inayofika baharini kwa njia ya mito, na wengi wakahitimisha kwamba nchi chache zikijirekebisha mambo yamekwisha. Makadirio mapya zaidi ya mwaka 2021 yaliuvunja msingi huo, kwani yalionyesha kwamba asilimia 80 ya plastiki hiyo hupitia mito zaidi ya 1,000, mingi yake ikiwa midogo na inayokatiza mijini. Na tukumbuke kwamba hadi China ilipopiga marufuku uagizaji wa taka za plastiki mwaka 2018, nchi tajiri zilikuwa zikiisafirishia shehena kubwa za taka zao, kisha zikahesabu mzigo huo kuwa umerejelezwa.

Wako wanaopendekeza kuisafisha bahari kwa nyavu kubwa. Nauheshimu moyo wao, lakini juu ya maji huishi viumbe ambao hawana makao mengine, kama yule konokono wa rangi ya zambarau anayejitengenezea chelezo cha mapovu ili asizame, na wavu unaokusanya plastiki inayoelea huwakumba nao. Isitoshe, plastiki nyingi haielei: humeguka, huzama, huchanganyika na tope la chini, mahali ambapo hakuna wavu unaoweza kuichuja bila kuua kila kilichomo.

Lipo jambo moja ambalo upande wangu hulikwepa. Katika lile eneo kubwa la taka la Pasifiki ya Kaskazini, asilimia 46 ya uzito wa plastiki ni nyavu za uvuvi, na nyavu zilizotelekezwa huendelea kunasa samaki, kasa na sili kwa miaka bila mvuvi yeyote. Kupunguza chupa na mifuko hakutazigusa. Nyavu zinahitaji sheria yake, yenye alama za mmiliki na wajibu wa kuzirudisha bandarini, na mkataba usiokuwa na kifungu hicho utakuwa na pengo hata ukiwa na kikomo.

Kwa wanaoamini kwamba usimamizi wa taka unatosha, nina swali moja. Mwaka 2021 meli X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo, Sri Lanka, ikamwaga takriban tani 1,680 za punje za plastiki, malighafi ambayo ilikuwa bado haijawa chupa wala mfuko. Haikuwa taka, haikupita mikononi mwa mnunuzi yeyote. Kadiri tunavyotengeneza zaidi ndivyo shehena kama hizo zinavyoongezeka baharini. Je, ni mfumo gani wa kuzoa taka ungewakinga samaki wa pwani ile?