Nimeacha chapati asubuhi, nakunywa juisi tu. Mbona njaa imezidi?

Kijana wa Kariakoo: Wakuu habari za mihangaiko. Nauza kwenye duka la vifaa vya umeme, kutwa nimekaa, kitambi kimeanza kuchungulia. Nikaacha chapati na maharage asubuhi, sasa nasaga embe, ndizi, parachichi na maziwa, napiga jagi zima kabla ya kutoka. Ikifika saa nne tumbo linaunguruma, nashuka kwa mama anayekaanga mihogo na sambusa. Mizani haishuki, inapanda! Shida ni mwili wangu au hiyo juisi? Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni.

Mzaramo Halisi: Juisi ni kinywaji mkuu. Kula.

Afisa Lishe wa Mtaa: Mwili wako hauna neno. Hayo matunda ya kwenye jagi ungeambiwa uyatafune yote ungeshindwa katikati. Ukiyasaga unayamaliza ukiwa umesimama mlangoni.

Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu tufaha kwa namna tatu, kiasi cha wanga kikiwa kilekile. Tufaha zima zilichukua dakika 17 kuliwa, zilizopondwa dakika 6, juisi dakika moja na nusu. Juisi ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko zote. Chakula kinapokaa mdomoni na kutafunwa, mwili unapata taarifa kwamba kuna kitu kinaingia. Kimiminika kinapita kabla taarifa haijafika, na tumboni nako hakikawii.

Kuna jaribio jingine la Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 2000. Watu walipewa kalori 450 za ziada kila siku, wiki nne kwa soda na wiki nne kwa peremende laini. Kipindi cha peremende walijikuta wanapunguza chakula kingine bila kuambiwa na mtu. Kipindi cha soda walikula kama kawaida, soda ikawa nyongeza juu yake, na uzito ukapanda. Ndicho kinachokukuta: jagi, halafu mihogo.

Kichwa Ngumu: Afisa, hapo napinga. Bibi alitunywesha uji wa ulezi tunaenda kulima mpaka jua la utosi. Na supu ya utumbo je? Mtu akiipiga asubuhi haulizi chakula.

Afisa Lishe wa Mtaa: @Kichwa Ngumu hoja nzuri, ndiyo maana sisemi kila cha majimaji hakishibishi. Uji mzito wa moto huwezi kuugida, unaupuliza na kuuvuta taratibu. Supu nayo ina vipande vya nyama, unaitumia kwa kijiko, na kichwani umeshaihesabu kuwa ni mlo. Juisi tunaihesabu kama kitu cha kushushia.

Mama Wawili Tanga: Mimi nasoma huu uzi kinyume. Baba yangu katoka kulazwa, ugali hautaki hata kuuona. Kumbe nimsagie?

Afisa Lishe wa Mtaa: Ndiyo dada, kwake huo udhaifu wa kinywaji kutoshibisha unageuka faida. Uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa, kidogo kidogo mara nyingi, maadamu anameza bila kupaliwa. Akipaliwa, acha na umrudishe kwa daktari.

Kijana wa Kariakoo: Shukrani. Nikiacha machicha humohumo bila kuchuja, si inakuwa sawa na kula tunda?

Afisa Lishe wa Mtaa: Inasaidia kidogo, ila haifiki. Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, mwaka 2009, walijaribu kuirudishia juisi ya tufaha nyuzinyuzi zake, bado tufaha zima lililoliwa kabla ya chakula cha mchana ndilo lililopunguza zaidi kalori za mlo mzima, lenyewe likihesabiwa humo, kwa asilimia 15 kuliko asiyetanguliza kitu. Rudisha chapati, moja, na maharage yake yote. Embe likate vipande, parachichi kula na kijiko. Kiu maliza kwa maji.

Mzaramo Halisi: Si nilisema ale? Mmeandika gazeti zima.

Kijana wa Kariakoo: 😂 Na ile blenda nimpe nani sasa, bado nailipia kwa mafungu.

Mama Wawili Tanga: Niuzie mimi. Bei gani?