Goti la shangazi

Dada Mkubwa: Jamani mmeamkaje. Nani alimpeleka shangazi kliniki jana? Namuuliza ananijibu "tulienda" basi

Mama Zai: Shikamoo dada. Mimi. Foleni toka saa mbili tukaonwa saa tano kasoro, fizio mwenyewe, yule wa mazoezi ya viungo, kabinti tu ila kazi anaijua. Kasema goti limesagika, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imebaki nyembamba upande wa ndani ndo maana mguu umeanza kupinda

Shangazi: Dawa sijapewa. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi nikabanishwe taulo

Dogo: 😂😂 shikamoo shangazi, taulo la nini tena

Mama Zai: Unaliviringisha unaweka chini ya goti, mguu umenyooka, unalikandamiza kwa goti unahesabu mpaka tano unaachia, mara kumi. Nikamshika paja, la kushoto likakaza vizuri, la kulia lenye goti bovu limelegea kama donge la chapati. Ndo wanataka huo msuli urudi, ubebe mzigo badala ya goti

Anko Tanga: Hapo mafuta ya goti yamekwisha. Apewe bamia na supu ya kongoro, mbona marehemu babu ilimsaidia

Dada Mkubwa: Anko babu alikaa kwenye kiti miaka sita tunamletea bamia

Anko Tanga: 😅 haya

Mama Zai: Nilimuuliza hiyo ya bamia, kasema ale tu ni mboga nzuri ila haiendi kwenye goti, inaishia tumboni kama ugali. Gegedu haina mishipa ya damu inakula kutoka kwenye ute wa goti, na ute unaingia vizuri goti likitembea. Kukaa siku nzima ndo kunaliua

Shangazi: Mbona usiku liliuma zaidi

Mama Zai: Alisema shangazi, ulikuwa unaangalia simu 😄 likiuma kidogo likatulia kufikia kesho yake endelea, likizidi au likivimba punguza idadi, usiache. Na ule mto unaouweka chini ya goti ukilala utoe, goti litazoea kukunjika. Halafu ile fimbo ulikuwa unashika mkono wa kulia, hamishia kushoto, itoke pamoja na mguu mbovu. Ngazi kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mbovu na fimbo yake

Dada Mkubwa: Kumbe miaka yote hiyo tunamwangalia na fimbo upande siyo

Mama Zai: Tena kasema ukipungua kilo moja goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua

Shangazi: Mambo ya kilo yasijadiliwe humu

Dogo: 😂😂😂

Dada Mkubwa: Wewe unayecheka, mguu wako vipi? Nasikia kocha kakupigia

Dogo: Aah ni ndondo ya mtaani tu dada, ntaingia dakika za mwisho

Mama Zai: Oparesheni ya kano, ule ukanda unaoshikilia mifupa, ina miezi mitano tu!! Walikwambia mingapi?

Dogo: Tisa kwa uchache. Na mpaka niruke kwa mguu mmoja umbali unaokaribiana na ule mzima. Nilijipima sebuleni, mzima vigae vinne, huu vitatu unatetemeka

Shangazi: Umesikia? Unatetemeka. Jumapili hakuna mpira uje kwangu tukandamize taulo wote

Dogo: Sawa shangazi, nije na taulo langu?

Shangazi: Taulo ninalo. Njoo na kongoro