Masters wiki ijayo: taji nampa McIlroy, na sababu yangu ni kedi wake, yule ambebeaye mfuko. Nyinyi mwampa nani?

KediMalindi

Salaam wadau. Zimebaki siku tisa. Masters, yale mashindano makubwa ya gofu, yaanza Alhamisi tarehe 9 Aprili 2026 kule Augusta, Georgia, Marekani, na mie tangu juzi usingizi wangu si wangu.

Nimebeba mifuko ya gofu hapa Malindi miaka kumi na tisa, kwa hiyo nikitazama gofu kwenye runinga jicho langu haliendi kwa mchezaji. Laenda kwa yule aliyesimama kando yake na mfuko begani.

Mwaka jana, Jumapili ya 13 Aprili, nilitazama kwa shemeji yangu Kisumu Ndogo kwa kuwa kwangu stima ilipotea. Augusta wako nyuma yetu kwa saa saba, basi mambo yaliiva saa nane za usiku. McIlroy yuko shimo la 18, la mwisho, amebakisha futi kama tano kusukuma mpira shimoni. Akiutia, kamaliza kazi. Akaukosa, wakawa sare na Justin Rose. Shemeji akasema ndo basi, huyu huvunjika, si tulimwona 2011? Kweli, 2011 aliingia Jumapili akiongoza kwa mikwaju minne, akaimaliza siku kwa mikwaju 80, mingi mno, na gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Lakini mie nilikuwa namtazama Harry Diamond, kedi wake, rafiki yake tangu utotoni. McIlroy mwenyewe alisimulia baadaye: wakielekea kurudi kucheza shimo la ziada la kuamua mshindi, Harry alimwambia kwamba hali hii, lau wangepewa Jumatatu asubuhi, wangeipokea. Basi. Hakumpa pole, wala hakugusa habari ya ule mpira aliokosa. Dakika chache baadaye Justin Rose kakosa wake, McIlroy katia wake wa futi kama nne, kapiga magoti analia. Na mie nalia, saa nane za usiku.

Neno kama lile hakuna anayekufundisha. Wajifunza kwa kumjua mtu.

Sasa habari ya upepo. Hapa kwetu ni malelezi, kaskazi imekufa na kusi haijasimama, upepo wabadilika saa hadi saa. Juma lililopita mgeni mmoja aliniuliza achukue fimbo ipi kwenye shimo fupi linaloelekea baharini. Bendera ilikuwa imelala, hata nyasi nilizorusha zilianguka miguuni pangu. Nikatazama vilele vya mivinje: vyainamia bara. Huko juu upepo ulikuwa watujia usoni. Nikampa fimbo kubwa zaidi. Akaniangalia, akachukua ile aliyoitaka yeye. Mpira ulipanda vizuri, ulipovuka vile vilele ukasimama kama umeshikwa mkono, ukadondoka mchangani.

Shimo la 12 la Augusta ni hivyo hivyo. Ni yadi 155 tu, lakini kijito cha Rae's Creek kiko mbele ya grini, pale penye nyasi fupi na shimo, na bendera ya shimo la 11 na ya 12 zaweza kupepea kila moja na upande wake. 2016 Jordan Spieth alianza mashimo tisa ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitano. Kufika hapo akatia mipira miwili majini, shimo la pa 3, la kumalizwa kwa mikwaju mitatu, akalimaliza kwa mikwaju 7. Taji likaenda kwa Danny Willett.

Utabiri wangu: McIlroy anatetea taji. Najua tangu Tiger Woods, 2001 na 2002, hadi 2025 hakuna aliyelichukua mara mbili mfululizo. Lakini miaka ile yote McIlroy alicheza Augusta akiwa na deni. Sasa kalilipa, amekamilisha mataji yote manne makubwa (Masters, PGA, U.S. Open na The Open), na waliowahi kufanya hivyo ni sita tu pamoja naye. Mtu aliyetua mzigo hutembea vingine.

Nanyi mwampa nani? Nataka na sababu, jina peke yake halinitoshi.

MamaWatamu

Kaka, umesifu makedi ukamsahau mkubwa wao. Ted Scott alimbebea Bubba Watson akashinda Augusta 2012 na 2014. Kisha akambebea Scottie Scheffler, akashinda 2022 na 2024. Mara nne, na yote miaka ya shufwa. Mwaka huu ni upi?

Scheffler mwaka jana kachukua PGA na The Open juu yake. Hata akipiga vibaya uso wake haubadiliki, na Augusta yataka uso wa namna hiyo. Nampa yeye bila kusita.

Na huyo Harry wako, si ndiye aliyelaumiwa 2024 kule Pinehurst, McIlroy alipokosa mipira mifupi mwishoni na DeChambeau akabeba U.S. Open?

KijanaWaShella

Ami, shikamoo. Mie nampa Justin Rose, na nampa kwa moyo wote. Kashindwa Augusta kwenye mashimo ya ziada mara mbili, 2017 na Sergio Garcia, tena mwaka jana. Jumapili ile alipiga mikwaju 66! Watu wamuona mzee, ana miaka 45, lakini Jack Nicklaus alishinda pale 1986 akiwa na 46. Na Rose alizaliwa Johannesburg, basi ni wa bara letu kidogo.

KediMalindi

Marahaba mwanangu. Rose ni muungwana. Ulimuona alivyomkumbatia McIlroy baada ya kushindwa? Akishinda yeye sitasikitika hata kidogo.

Dada yangu wa Watamu, hilo la Ted Scott limenichoma, sina jibu zuri. Yule ni fundi. Kama kuna mtu wa kumzuia McIlroy, ni yeye na Scheffler wake, na huenda Jumapili wakawa kikundi kimoja. Ila habari ya Pinehurst siikubali. Kedi hasukumi mpira. Watu walimtukana Harry wakitaka McIlroy amuache, atafute mwenye jina. Hakumuacha. Miezi kumi baadaye wakashinda Augusta pamoja. Mie nilisikia utamu kana kwamba ni mimi niliyetukanwa.

Nawaongezea moja ambayo huwa naifikiria sana. Zamani kule Augusta mchezaji hakuruhusiwa kuja na kedi wake, alikuwa lazima achukue wa pale klabuni, watu weusi wa mji ule walioijua kila grini kwa nyayo zao. Sheria ikabadilika 1983, wachezaji wakaanza kuja na watu wao. Hao wazee nawafikiria kila mwaka nionapo zile ovaroli nyeupe wanazovaa makedi. Na ya kedi wa bingwa mtetezi huwa na namba 1. Alhamisi itavaliwa na Harry Diamond. Nangoja kuiona hiyo kuliko mkwaju wowote.

MamaWatamu

Hiyo ya namba 1 sikuwa naijua. Haya, mimi na Scheffler wangu, wewe na Harry wako. Jumapili mwatazamia wapi? Kwangu watoto hulala mapema, siwezi kupiga kelele.

KediMalindi

Kwa shemeji tena, Kisumu Ndogo. Vikundi vya mwisho Jumapili huanza saa tatu na ushei usiku, lakini njoni mapema, kabla ya isha, tupate pa kukaa. Kijana wa Shella, wewe leta kahawa. Dada, ukija na mahamri na mbaazi nitakusamehe Scheffler.